Aliyeharibikiwa Ndiye Hutangulia

Nikisikia mtu akisema kubadilisha tairi ni kazi ndogo, namwacha aseme. Huyo anazungumzia kigari cha kupeleka watoto shule. Tairi la lori ni mnyama mwingine kabisa. Likiwa na rimu yake lina uzito wa mtu mzima aliyeshiba, tena mtu asiyetaka kuinuliwa. Nyumbani Kenya kazi hiyo tulimwachia tanboi. Yeye ndiye aliyelala chini ya trela, yeye ndiye aliyejua jeki iko wapi, na dereva alisimama kando, mikono kiunoni, akitoa amri. Nilipofika Doha siku ya kwanza nikamuuliza msimamizi wa gereji, tanboi wangu ni nani? Akaninyooshea kidole kwenye kioo cha pembeni cha lori. Nikachungulia, nikajiona mwenyewe. Gereji nzima ilicheka, na mimi nikacheka nao, lakini moyoni nilijua nimeingia kubaya.

Hiyo ni miaka ile ambayo mji mpya wa Lusail ulikuwa bado mchanga na mashimo, na kila lori la Doha lilikuwa njiani kwenda kuyajaza. Kambi yetu ilikuwa Sanaiya, ndivyo wanavyoliita eneo la viwanda, na kutoka hapo tulibeba kokoto, mchanga na matofali ya saruji kwenda popote tulipotumwa. Amri ya kampuni kuhusu tairi ilikuwa moja tu: likipasuka usiguse kitu, piga simu gereji, kaa ungoje. Amri nzuri sana hiyo, kwa mtu aliyeiandika akiwa ofisini chini ya kiyoyozi. Wewe uliye barabarani unangoja kwenye jua la Agosti, huna mti, huna kibanda, kabini imekuwa tanuri, na gereji inakwambia "mafi mushkila, hakuna shida, gari linakuja." Gari hilo lingeweza kuja saa hiyo au kuja jua likizama. Kwa hiyo kila dereva alikuwa na jeki yake, na kila dereva, aguse asiguse, aliapa kwamba hajagusa.

Wakenya wengi tuliofahamiana huko walikuwa walinzi na watu wa hoteli West Bay. Madereva wa malori tulikuwa wachache, na kambini kwetu tulikuwa wawili tu, mimi wa Voi na mwenzangu wa Mumias. Yeye alinizidi umri, nikamwita mzee, naye akaniita kijana mpaka ndevu zangu zikaanza kuota mvi. Tulikuwa tumeendesha barabara moja ya Mombasa miaka mingi bila kujuana, kila mtu na kampuni yake. Nilimtania kwamba watu wa kwao wakisikia kuku analia hata usingizini wanaamka kunawa mikono wale. Na yeye alikuwa akiniambia, "Nyinyi wa Voi mnaoga siku ndovu akiwaruhusu kisimani, unanitania nini?" Hivyo ndivyo tulivyoishi. Sikuwa na ndugu mwingine katika nchi ile.

Kuna desturi moja ya barabara ya Mombasa ambayo lazima niieleze, la sivyo hamtanielewa. Ukimkuta dereva mwenzako gurudumu liko chini, unasimama. Hata kama humjui. Na ukishasimama huondoki mpaka yeye aondoke. Aliyeharibikiwa ndiye hutangulia, wewe unamfuata nyuma mpaka kituo kinachofuata, uone gurudumu limekaa. Si ustaarabu wa kanisani huo. Ukimwacha mtu peke yake pale Salama, kijimji kimoja cha njia ile chenye wezi, tairi limetolewa na gari liko juu ya jeki, unaweza kurudi ukakuta imebaki chasi, au ukakuta mtu mwenyewe hayupo. Tulifundishwa desturi hiyo hata kabla ya kupewa usukani. Huko Doha desturi hiyo haikuwa na kazi yoyote. Nani aibe tairi la lori Qatar? Hata simu unaisahau juu ya boneti unarudi unaikuta, imeiva tu.

Basi Jumatatu moja, mwezi wa Agosti, mzee alipigiwa simu kwamba mama yake amefariki.

Alikuwa mtoto wa kiume wa pekee. Dada zake wawili walikuwa nyumbani, na wazee wa ukoo wakapanga mazishi yawe Jumamosi. Kwake jambo lilikuwa moja tu: awe kaburini Jumamosi. Hakulia mbele yetu. Alisema tu, "Mama nitamzika mimi," akaenda ofisini. Siku zile hukutoka Qatar bila mwajiri wako kutia sahihi kibali cha kutoka, na aliyetia sahihi alikuwa safarini. Jumanne ikapita, Jumatano ikapita. Mzee alikuwa anakwenda ofisini kila asubuhi kabla ya zamu na anarudi mikono mitupu. Alhamisi asubuhi kibali kikapatikana, pamoja na tiketi ya ndege ya alasiri ileile. Angefika Nairobi usiku, Ijumaa apande basi, Jumamosi awepo. Haikuwepo nafasi ya kukosea hata kidogo, maana Alhamisi jioni ofisi zinafungwa mpaka Jumapili, na Agosti hiyo ndege zote za Nairobi zilikuwa zimejaa watu wa likizo.

Alivaa suti ya kijivu, ile moja aliyokuja nayo, tukasimama naye langoni tukingoja teksi. Teksi hazikuja. Zilizopita zilikuwa na watu. Mimi nilikuwa na shehena ya matofali ya kupeleka Wakrah, na njia yangu ilipita upande uleule wa uwanja wa ndege. Nikamwambia, "Mzee, panda. Malori hayaingii uwanja wa ndege, lakini nitakushusha pale mzunguko wa Wakrah, teksi zimejipanga kama siafu." Akapanda. Kabini alikaa wima, koti amelilaza magotini asilikunje, na njia nzima alizungumza habari za mama yake, jinsi alivyokuwa mkali, jinsi alivyomchapa siku alipomwambia anataka kuwa dereva.

Tulikuwa tumebakiza safari fupi tu tairi la mbele, upande wa kulia, lilipopasuka.

Paa! Usukani ukaninyang'anya mikono. Tairi la trela likipasuka unaweza kusukuma polepole na mwenzake. La mbele halina mwenzake, lori linaanguka upande mmoja na huendi popote. Nikalisukuma pembeni kwenye mchanga kwa nguvu zote alizonipa Mungu, likasimama. Tukatazamana. Mzee akavua koti, akalitundika kwenye ndoano ya kabini, akakunja mikono ya shati.

"Mzee, usishuke," nikamwambia. "Simamisha magari, tafuta lifti uende."

"Tutalitoa haraka, kijana. Jeki iko wapi?"

Nikapiga simu gereji, kwa sababu ndiyo amri. Mafi mushkila, gari linakuja. Nilitaka kumeza ile simu.

Mzee alikuwa ameshaanza kuzungukazunguka nyuma ya trela akitazama chini. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema anatafuta matawi ya kuweka barabarani, magari yajue kuna lori limeharibika. Matawi! Huko jangwani! Nikacheka nusura nilie, naye alipojiona akacheka pia, tukaweka matofali matatu badala yake. Ndiyo mara ya mwisho niliyocheka siku hiyo.

Nati zilikuwa zimekazwa na mashine ya hewa, kwa mkono wa mtu haziongei. Tulichomeka bomba la chuma kwenye spana, mzee akapanda juu ya bomba na viatu vyake vya mazishi, akawa anarukaruka huku ameshika kioo, na mimi nikilikandamiza kutoka chini. Ya kwanza ikalia, ya pili ikalia. Jeki tuliiwekea tofali chini isizame mchangani, tofali likapasuka. Tukaweka mawili, yakapasuka. Mwishowe tukang'oa ubao kwenye mbao zilizobeba matofali, ukashika. Lori likainuka. Tukavuta tairi lililopasuka, tukalilaza mchangani. Sasa pua ya lori lote, na shehena nyuma yake, ilikuwa imekaa juu ya jeki moja iliyokuwa imekaa juu ya ubao mmoja.

Hapo ndipo spea ikakataa kushuka.

Spea ya lori lile ilikaa chini ya trela, imening'inizwa kwa mnyororo. Unaingiza mpini, unazungusha, mnyororo unashuka na tairi linashuka nao. Hiyo ni kama mnyororo haujakunywa vumbi la saruji na chumvi ya baharini miaka kadhaa. Huu wetu ulikuwa umeganda kabisa. Mzee aliingia chini, akalala chali mchangani na shati lake jeupe, akaanza kuugonga kwa nyundo, na mimi nikaning'inia kwenye mpini. Ulisogea kidogo ukakwama. Ukasogea tena, ukakwama tena. Jasho lilikuwa linaniingia machoni na kila chuma nilichoshika kiliunguza. Nilimsikia mzee kule chini akizungumza na mnyororo kwa Kiluhya, mara anaubembeleza, mara anautukana.

Ndipo pikapu ikasimama. Dereva wake alikuwa Msudani, mtu mzima, amefunga kilemba vizuri kichwani, na nyuma amebeba vipande vya barafu chini ya turubai anawapelekea wavuvi wa Wakrah. Nikamkimbilia. Kwa Kiarabu changu cha kuokoteza, na mikono, nikamweleza: huyu rafiki yangu, mama yake amekufa, ndege yake ni sasa, uwanja wa ndege. Mtu yule akashika kifua, akasema maneno ya kumwombea marehemu. Kisha akasema yalla, aje, atampeleka mpaka mlangoni, barafu itajijua yenyewe.

Nikapiga kelele, "Mzee! Toka! Lifti hii hapa!"

Akachungulia kutoka chini ya trela. Uso wote ulikuwa mweusi kwa grisi. Akamtazama Msudani, akatazama jeki, akanitazama mimi.

"Mwambie angoje kidogo. Huu mnyororo umekaribia."

"Wewe, hakuna kungoja! Nenda!"

"Nikuache na gari juu ya jeki?"

"Ndiyo, niache! Hapa si Salama! Nani ataniibia, Mwarabu anayepita na Land Cruiser ataiba tairi langu? Gereji inakuja!"

"Na spea ikikuangukia peke yako huku chini?"

"Sitaingia! Nitakaa kabini kama mtoto! Mzee, nenda ukamzike mama yako!"

Nilimshika mguu nikamvuta. Naapa, nilimvuta mtu mzima mguu kama mbuzi. Alikuwa ameshikilia mnyororo, hakuachia. Akaniambia kwa upole, na huo upole ndio ulionimaliza, "Kijana, mama amelala, hana haraka. Wewe uko hai na gari liko juu. Tukiliweka chini naondoka. Sijawahi kumwacha mtu hivi."

Msudani alingoja. Lazima niseme hivyo, alingoja. Maji ya barafu yalikuwa yanadondoka nyuma ya pikapu, yakigusa lami yanakauka. Alitukatia kipande akatupa, mzee akakiweka kichwani, akaendelea kugonga. Mtu yule akatazama saa, akatazama mzigo wake. Wavuvi wakaanza kumpigia simu, nikawasikia wanavyofoka. Mara ya mwisho aliponiuliza, nilimgeukia mzee na kumwomba. Sikuamuru tena, niliomba. Akasema, "Kidogo tu." Msudani akanigusa bega, akasema samahani, samahani, akaingia garini. Nilisimama katikati ya barabara nikiitazama ile pikapu mpaka ikapotea, na nilikuwa na hasira ambayo sikujua nimpe nani. Mzee? Mnyororo? Mtu aliyetia sahihi siku ya nne? Kama mzee angekuwa mtu mbaya, ningempiga. Ubaya ni kwamba alikuwa anafanya jambo ambalo mimi mwenyewe ningelifanya Salama, na ningemdharau mtu asiyelifanya.

Spea ilianguka muda mfupi tu baada ya hapo. Muda mfupi! Ilishuka kwa kishindo, kando ya sikio lake. Tukaisukuma mchangani, mmoja huku, mmoja huku, inazama tunaiinua, inazama tunaiinua. Kuiingiza mahali pake mzee alishika rimu kwa viganja vitupu, rimu iliyokuwa imenyonya jua, na hakuiachia mpaka matundu yakakutana na bolti zake. Nilisikia harufu ya ngozi. Alipoitoa mikono, viganja vilikuwa vimevimba malengelenge.

Tulikuwa tunakaza nati ya tatu gari la gereji lilipofika. Fundi akashuka anapiga miluzi, akachomoa mashine yake ya hewa, trrr, trrr, akamaliza zote kabla sijafungua chupa ya maji. Kisha akanikaripia kwa kugusa tairi. Nilikuwa namtazama mzee akijaribu kuvaa koti bila kulishika kwa viganja.

Nilikimbiza lori lile kuliko nilivyowahi kulikimbiza lori lolote. Pale mzungukoni teksi zilikuwepo, kweli zimejipanga. Aliruka na begi lake, akanipungia, akaniambia niangalie nati tena nikifika, kwa sababu tairi likitoka kufungwa nati hulegea. Nikapeleka matofali. Jioni, nikiwa narudi Sanaiya, nilijiambia amewahi. Ndege huchelewa, nilijiambia. Watu wa uwanjani wana huruma wakisikia msiba, nilijiambia. Nikamwombea kwa Mungu njia nzima.

Nilimkuta amekaa kitandani kwake, na suti. Begi lilikuwa miguuni halijafunguliwa.

"Walikuwa wamefunga," alisema. "Ndege niliiona kwa dirisha. Ilikuwa bado iko chini, kijana. Lakini wamefunga."

Jamani. Mimi nilikaa kwenye kitanda cha mbele yake. Walinzi wa West Bay walikuja na michango yao, tukapiga simu kila mahali pa kuuza tiketi, tukaambiwa Jumatatu, tukaambiwa Jumanne. Msimamizi wa kambi alisikitika kweli, lakini ofisi iliyokata tiketi imefungwa, ufunguo hana. Kila tuliyemwendea alikuwa mwema, na hakuna hata mmoja aliyeweza kitu. Ijumaa mzee alimpigia dada yake mkubwa. Nilisikia upande wake tu. Alikuwa anasema "Sawa. Sawa. Msingoje. Sawa."

Jumamosi mchana tuliomba ruhusa, tukakaa chumbani. Alivaa ile suti tena, nilikuwa nimejaribu kuifua ikatoka na madoa ya grisi kwenye suruali. Mpwa wake, mtoto wa dada, ndiye aliyekuwa ameshika simu kule nyumbani, kaburini. Mzee hakuweza kuishika ya kwake, viganja vilikuwa vimefungwa bandeji, kwa hiyo nikamshikia mimi, karibu na sikio, sauti tumeifungua yote. Tulimsikia mchungaji. Tulisikia kuku, na mtoto mmoja akiuliza kwa nini nyanya anawekwa kule chini, akanyamazishwa. Kisha mchungaji akaita mwana wa marehemu aje kutia udongo, maana kwao mwana ndiye huanza, na wengine hawatupi mpaka yeye atupe.

Mzee akasimama. Nikasimama naye, simu sikioni kwake.

Tukasikia udongo ukigonga sanduku. Mara moja tu, kama mkono mmoja. Kisha wimbo ukaanza, na udongo mwingi, na makoleo.

"Huo wa kwanza," mzee akasema kwenye simu, "huo wa kwanza umetupwa na nani?"

Hakujibiwa. Nadhani mpwa alikuwa ameiweka simu mfukoni ili naye ashike koleo, maana sauti zilikuwa zimefifia. Akauliza tena, kwa nguvu zaidi. Akauliza kwa Kiluhya. Akaita jina la dada mkubwa, akaita la mdogo. Wao walikuwa wanaimba, na hawakumsikia. Nilitaka kumwambia ni dada yako, ni mjomba wako, ni yeyote, lakini sikujua, na yeye alijua kwamba sijui. Aliendelea kuuliza mpaka wimbo ukaisha na mwingine ukaanza. Mimi niliendelea kushika simu. Mkono huu ulipochoka, niliihamishia mkono ule.